Siku ya mwisho Diani kabla ya kurudi Kisumu

Kwa vile ndege yenu inaondoka Mombasa saa kumi jioni, tokeni Diani saa tano asubuhi. Mwambieni dereva apite Dongo Kundu, maana foleni ya feri ya Likoni haitabiriki.

Msipige mbizi za mitungi siku hiyo, tafadhali! Nitrojeni iliyobaki mwilini hugeuka mapovu ndegeni. Baada ya mbizi kadhaa, subirini angalau saa 18. Kuogelea kwa miwani juujuu hakuna shida.

Matembezi ya mwambani yafanyeni maji yakipwa, mkiwa na viatu kwa sababu ya miiba ya urumba, wale viumbe wa baharini wa mviringo. Kupwa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo msifuate saa ya jana. Nguo za kuogelea suuzeni usiku uliotangulia. Makombe yaacheni ufuoni.