Mume wangu anaamini mtoto anatembea, na bado anasota

*Asalaam aleikum Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 24, naishi Lamu mjini, mtaa wa Langoni, nyumbani kwa mavyaa wangu. Mume wangu yuko Doha kikazi tangu mtoto wetu wa kiume akiwa na miezi 3. Sasa mtoto ana miezi 14. Hatambai kama wenzake, anasota kwa makalio, tena mbio. Anajiinua na kusimama dede akishikilia kitanda, lakini hajatia hata hatua moja. Wifi yangu, ambaye tunakaa naye, ana binti aliyetembea na miezi 10, na kila siku mavyaa ananiambia, "Huyu wako umemdekeza, kutwa yuko mikononi." Juzi alimpeleka ufuoni akamfukia miguu mchangani ati ipate nguvu. Wifi naye ameniazima kigari cha magurudumu nimtie humo.*

*Kosa langu ni hili. Mwezi uliopita mume wangu aliniuliza kwa simu, "Ameshatembea?" Nilikuwa nimechoka kusimangwa, nikajibu ndiyo, ametia hatua tatu. Alifurahi mpaka akalia. Amewaambia wenzake kazini, na amemnunulia viatu vile vinavyolia kila mtoto akikanyaga. Anarudi baada ya wiki 5. Sasa kila asubuhi namsimamisha mtoto ukutani kisha namwachia. Anaanguka, analia, na mimi nalia. Je, nimfunze kwa nguvu ili baba yake amkute anatembea? Nimwambie ukweli? Na je, Shangazi, mwanangu ni mgonjwa?*

*Mama wa Langoni*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo lililozaa hayo mengine. Kwa haya uliyoniandikia, sioni dalili ya ugonjwa. Mtoto anayesota mbio na kujiinua mwenyewe akasimama dede, mgongo wake umekaza na miguu yake inabeba uzito. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi 5, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipimo vyake: mtoto asiye na tatizo lolote anaweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Binti wa wifi yako yumo humo ndani, na wako yumo. Katika watoto hao hao, kama 4 kwa kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Na kile kitabu cha kliniki ulichopewa ulipokuwa mjamzito, kifungue pale penye hatua za ukuaji: kutembea kumeandikiwa miezi 12 hadi 18.

Wanaosota huchelewa kidogo kutembea kuliko wanaotambaa, na ukimtazama mwanao kwa makini utajua kwa nini. Ameshapata usafiri wake. Amekaa wima, anaona mbele, mkono mmoja unasukuma sakafu na wa pili umeshika kijiko, na anafika anakotaka. Hana haraka ya kubadilisha kitu kinachomfaa. Jambo hili mara nyingi huenda kwa ukoo, na hapo nina kazi ya kukupa na mavyaa wako, nitaifikia.

Yapo mambo ambayo ukiyaona usingoje: akitumia upande mmoja wa mwili tu, miguu ikiwa mikavu kama mti au imelegea kama nguo, miguu ikianza kupinda matege, asipogeuka akiitwa, au akiacha jambo alilokuwa akiliweza jana. Hapo mchukue hadi hospitali ya King Fahd siku hiyo hiyo. Na akifika miezi 18 bila hatua hata moja, mpeleke pia. Mwezi huo mtamkuta muuguzi kwa chanjo ya pili ya surua, basi hata ukiona yote ni shwari, mwombe amtazame miguu na nyonga. Na kama alizaliwa kabla ya siku zake, hesabu miezi yake tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Sasa tuje kwenye zile hatua tatu.

Sikugombezi, mwanangu. Najua nyumba yenye wanawake watatu na watoto wawili wa rika moja ilivyo: kila kijiko kinapimwa, kila jino linahesabiwa. Neno lilikutoka kwa uchovu. Lakini linanihuzunisha kwa sababu ya yule uliyemwambia. Mwanamume aliye ughaibuni humlea mwanawe kwa masikio. Harufu ya kichwa cha mtoto hana, uzito wake begani hana. Alichonacho ni maneno yako jioni, na kwa maneno hayo amejenga mtoto mzima kichwani mwake. Ukimpa neno lisilo la kweli umemgusa mtoto wake pale pekee anapoweza kumshika.

Mume wangu alikuwa mtu wa melini, zamani za barua. Mtoto wetu wa pili aliungua mkono kwa chai, na mimi nikamwandikia kwamba sote wazima, nisimtie hofu baharini. Aliporudi aliliona kovu kabla hajaweka sanduku chini. Hakupaza sauti. Alikaa kizingitini, akauchukua ule mkono mdogo akaugeuza huku na huku, akaniuliza, "Na mengine ni yapi?" Hayakuwapo mengine. Lakini kwa miezi mingi baadaye, kila nilichomwambia nilimwona akikipima. Nikisema mtoto amepona homa, yeye anainuka kwenda kumgusa paji la uso. Nilikuwa nimemwondolea siku chache za wasiwasi, na nikajiondolea kuaminiwa kwa muda mrefu.

Kisha fikiria jambo hili. Siku moja, karibuni inshallah, mtoto ataachia kile kitanda na kuja kwako. Ukiwa bado umeshikilia uongo, utafurahi na nani? Itabidi uifiche furaha ya hatua ya kweli ili isivunje ile ya uongo. Hilo sitaki likupate.

Basi mwambie, tena wiki hii, si siku ya kumpokea. Saa za Doha na za Lamu ni moja, kwa hiyo huna kisingizio cha kumkuta amelala. Ngoja Ijumaa baada ya swala, akiwa hana zamu. Usimtume mavyaa, wala usiache wifi akutangulie. Kwanza mrekodi mtoto akisota katikati ya chumba na kijiko chake, umtumie baba yake. Kisha mpigie useme kwa maneno yako, kama hivi: "Babake, nina neno la kukwambia na nakuomba radhi kabla sijalisema. Siku ile uliponiuliza nilikujibu ametembea. Hajatembea. Nilikuwa nimechoka kusikia anachelewa, nikakwambia nilichotamani. Ni mzima, anasota namna hiyo uliyoiona, na anasimama dede. Nisamehe." Ukishamaliza, nyamaza. Usijaze kimya kwa kumshitaki mama yake, hata kama yote utakayoyasema ni kweli. Atakasirika labda. Ataona haya mbele ya wenzake. Mpe siku mbili tatu. Ndani ya hasira ile kuna habari njema ambayo ataiona mwenyewe ikitulia: alidhani hatua ya kwanza ya mwanawe imempita, kumbe haijampita.

Kuhusu yale mazoezi ya asubuhi, acha kuanzia kesho. Mtoto anayeachiwa ukutani bila kupenda hajifunzi kutembea, anajifunza kwamba mikono ya mama humwangusha. Kigari nacho kirudishe kwa wifi kwa shukrani, ila kisibaki wazi hapo nyumbani. Humo mtoto huning'inia, husukuma kwa ncha za vidole, na haoni miguu yake mwenyewe. Hakimfundishi kusimama sawasawa. Tena hukimbia kuliko mkono wa mama. Kanada imepiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu ya watoto waliokuwa wakiporomoka navyo ngazini. Na ngazi za nyumba zetu za mawe unazijua, nyembamba na zimesimama kama ukuta.

Katika jambo moja mavyaa wako hakukosea: kutwa yuko mikononi. Sisemi umemdekeza. Nyumba zetu zina mikono mingi, mtoto hupokezanwa kutoka kwa mama hadi shangazi hadi jirani aliyeingia kuomba chumvi, na mapenzi hayo ni mali. Lakini miguu hukomaa sakafuni. Mpe saa kadhaa chini kila siku, miguu mitupu, kwenye jamvi au hapo uwandani. Jioni jua likipoa mtoe kwenye daka, pale kibarazani mbele ya mlango. Lile baraza la mawe lina kimo kinachomfika kifuani, na sijaona kifaa cha dukani kinacholishinda. Msimamishe ncha moja, weka kipande cha mkate wa sinia ncha ya pili, kisha kaa kati yake na njia, maana punda wakipita na mizigo hawana pa kukupishia. Atakwenda ubavuubavu, kiganja baada ya kiganja. Siku ya kwanza ataishia nusu na kukaa. Mwache akae. Akizoea baraza moja, atatazama la upande wa pili, na huko ndiko kunakoanzia tata, zile hatua za kwanza.

Mavyaa wako usimgombanie mchanga. Mwambie, "Mama, kumfukia miguu sitaki, naogopa mchanga wa jua utamchoma, lakini twende naye asubuhi acheze." Mchanga haumwongezei mtoto nguvu kwa kufukiwa, ila kuusimamia, kuuchimba na kuanguka juu yake ni mchezo mzuri wenye faida. Kisha hiyo kazi niliyokuahidi. Mkiwa mmekaa, muulize kwa upole: "Mama, na babake alitembea na miezi mingapi? Alitambaa au alisota?" Muulize kama mtu anayetaka kujua kweli, kwa sababu kweli unataka. Mwanamke aliyelea wana wake bila kitabu cha kliniki ana mengi kichwani, na si ajabu ukasikia kwamba mumeo naye alikuwa msotaji, au kwamba huyo wifi alichelewa. Hata jibu likiwa jingine, utakuwa umemkalisha kwenye kiti chake cha mama badala ya kile cha hakimu. Akirudia kukufananisha na wifi, jibu liwe moja kila siku: "Kila mtoto na siku yake, Mama. Muuguzi nitamwonyesha." Usijieleze zaidi ya hapo.

Lipo moja hukuniuliza, nalo lanitia wasiwasi kuliko kutembea. Mume wako aliondoka mtoto akiwa wa miezi 3. Atakapoingia mlangoni, kwa mtoto atakuwa mtu mgeni mwenye sauti ya simu. Watoto wa umri huu huwaogopa wageni, hiyo ni akili yao kukua, si ukosefu wa mapenzi. Akimnyakua tu bandarini mbele ya watu, mtoto atapiga kelele, na baba wa watu ataumia moyo. Mwandae. Mwambie aingie, aketi chini kwenye mkeka, azungumze na wewe, asimtazame sana mtoto, awe na kitu mkononi kinachovutia, funguo au kijiko kile kile cha kwenye video. Amwache mtoto asote mwenyewe mpaka alipo. Inaweza kuchukua dakika kumi, inaweza kuchukua siku tatu. Wiki hizi zilizobaki, mwonyeshe mtoto uso wa baba yake kwenye simu kila jioni kwa wakati ule ule, na baba aimbe kitu kimoja kile kile au aite kwa jina moja lile lile. Na nakusihi, usimpange mtoto atembee siku hiyo. Akitembea, akisota, akilala usingizi, apokelewe alivyo.

Viatu visirudishwe dukani, ila navyo vingoje. Ndani ya nyumba miguu mitupu ndiyo inayoishika sakafu. Viatu ni vya njiani, mtoto akishatembea imara. Ila namba aliyonunua alikisia, hajauona mguu. Leo mtoto akilala, weka karatasi chini ya unyayo wake, mchore kwa kalamu, weka rula kando, piga picha. Mtumie baba yake picha hiyo Ijumaa, baada ya yale mazungumzo, ili akavipime huko huko kabla hajafunga begi.

Shangazi