Paka mzee anakunywa maji mengi: msihukumu figo kwa kijiti cha mkojo

Mkuu, unasema paka wako wa miaka 12 anakunywa maji kupita kiasi, kijiti cha kupimia mkojo (kile chenye visanduku vinavyobadilika rangi) kikaonyesha protini ya alama mbili za kujumlisha (++), ukaambiwa figo zimekwisha. Bado mapema. Mkojo wa paka ukiwa mzito sana au wenye alikali, kijiti husoma protini hata kama hakuna. Na kile kisanduku chake cha uzito linganishi, yaani uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, kwa paka hakifai kabisa.

Uzito upimwe kwa refraktometa, kifaa kidogo cha kuchungulia kinachopima uzito wa mkojo kwa mwanga. Kwanza tone la maji yasiyo na madini: lazima lisome 1.000, la sivyo zungusha skrubu mpaka ifike. Kisha tone la mkojo, funika, elekeza kwenye mwanga, soma pale bluu inapokutana na nyeupe. Paka mzima mara nyingi huvuka 1.035. Akikwama kati ya 1.008 na 1.012, figo haziukazi mkojo wala haziuzimui, unatoka kama ulivyochujwa kwenye damu. Kati ya 1.012 na 1.035 ni pa mashaka, rudieni. Na msitulie kwa sababu tu ya namba nzuri, maana wapo paka wenye figo mbovu ambao bado wanakaza mkojo vizuri.

Kosa ninaloliona sana, na linauma kwa sababu halirekebishiki siku hiyo: paka anatundikiwa dripu au kudungwa furosemaidi (dawa ya kukojoza), ndipo mkojo unachukuliwa. Mkojo umeshazimuliwa, namba haina maana tena. Chukueni mkojo na damu KABLA ya matibabu.

Protini yenyewe ithibitishwe maabara kwa uwiano wake na kreatinini ya mkojo (taka ya misuli inayotolewa na figo). Chini ya 0.2 ni salama, 0.2 hadi 0.4 ni mpakani, zaidi ya 0.4 inavuja kweli. Ila mashapo ya mkojo (yale yanayotuama chini) yaangaliwe kwanza kwa hadubini: kukiwa na usaha au bakteria, tibuni kibofu kwanza. Halafu rudieni mara mbili au tatu ndani ya wiki mbili au zaidi.

Kama daktari hachukui mkojo kwa sindano kibofuni, wekeni trei safi yenye shanga za plastiki, si mchanga. Upimwe ndani ya saa moja. Ukilala kwenye friji, uacheni ufikie joto la chumbani kwanza, kwani mkojo baridi husoma mzito kuliko ulivyo.

Siku hiyohiyo ombeni sukari, homoni ya tezi ya shingo na presha. Kisukari na tezi navyo hunywesha paka maji hivyohivyo.