Kwa wadogo zangu mnaoanza staji ya labo: andikeni rangi, jina liacheni kwanza

Wengi wenu mnafika kutoka UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mkiwa na jedwali la majaribio ya rangi ya dawa za kulevya kichwani: zambarau ni heroini, buluu ni kokeini, rangi ya chungwa ni amfetamini. Jedwali hilo ni zuri kwa mtihani. Ukiwa mbele ya unga mweupe ulioletwa na polisi ndani ya kipande cha sasheti, litakuponza ukilisoma kama kamusi.

Reaktifu, ile kemikali unayodondoshea unga ili itoe rangi, haijui dawa, inagusa kipande tu cha molekuli. Chukua Marquis, reaktifu ya mwaka 1896, ambayo hadi leo ndiyo ya kwanza kushikwa: formaldehidi ndani ya asidi ya sulfuriki kali. Inaunganisha molekuli zenye pete ya benzini, na kinachozaliwa hapo ndicho chenye rangi. Heroini inatoa zambarau. Mofini nayo zambarau. Kodeini, ile ya sirapu za kikohozi, pia zambarau. Sasa mtu aliyekamatwa na mabaki ya sirapu na mtu aliyekamatwa na heroini wanakutana kwenye kishimo kimoja cha sahani yako, na wewe ndiye unayeandika karatasi itakayokwenda parke, ofisi ya mwendesha mashtaka.

Hata sukari itakusumbua. Asidi kali inaiunguza na kuifanya kahawia, na vidonge vingi vina laktosi au wanga wa kujazia. Kwa hiyo usitazame rangi ya mwisho peke yake. Tazama rangi ya kwanza, imekuja baada ya sekunde ngapi, na imepitia wapi. Amfetamini inaanza na rangi ya chungwa kisha inaelekea kahawia. Sukari inajivuta polepole na kuwa nyeusi-nyeusi tu. Mkigeuka kujibu simu, mtarudi mkute vishimo viwili vinavyofanana na hamtajua tena kipi ni kipi.

Kila sahani iwe na vishimo viwili vya ziada: kimoja chenye reaktifu peke yake, kingine chenye kitu unachokijua. Kwa Marquis huhitaji dawa ya kulevya kwa kazi hiyo. Aspirini ya famasi yoyote inatosha, inatoa waridi hadi wekundu mzito. Isipotoa, tatizo ni chupa yako wala si sampuli. Chupa za Marquis zinazeeka, na hapa Lubumbashi zinapata joto la Oktoba na baridi ya asubuhi za Juni. Baridi hiyo inachelewesha rangi, kwa hiyo mtu mwenye haraka anaweza kuandika "hakuna kitu" kabla kitu hakijaja.

Kuhusu mwanga nitasema kidogo tu, maana mtagundua wenyewe umeme ukikatika. Tochi ya simu inapotosha rangi, hasa buluu na zambarau. Beba sahani dirishani, au subiri.

Jaribio ninalolipenda ni la kokeini, labda kwa sababu sisi ni watoto wa Katanga. Reaktifu yake ni thiosianeti ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi hii, Kongo. Aliyewahi kuona mawe yenye ukungu wa waridi kule Likasi au Kolwezi tayari anaijua nusu ya somo: kobalti iliyozungukwa na maji huwa ya waridi, ikifungwa na thiosianeti nne inageuka buluu. Kokeini inasaidia kushikilia ile buluu. Ndiyo maana sahani iliyooshwa na haijakauka inaweza kukunyima jibu, maji yanairudisha kobalti kwenye waridi.

Lakini lidokeini, ganzi ya daktari wa meno, inaweza kuleta buluu pia, na difenihidramini ya mafua na mzio vilevile. Ndiyo maana mwaka 1973 mkemia Scott aliongeza hatua. Buluu ikitokea, unaweka tone la asidi ya hidrokloriki, inarudi waridi. Unaweka klorofomu, unatikisa, na ile buluu inatakiwa kushuka kwenye klorofomu chini. Fanyeni hatua zote tatu. Anayeishia ya kwanza hajafanya jaribio la Scott, ameangalia rangi tu.

Mtu akikuambia haya ni mambo ya vitabuni, mwambie kuhusu Houston, Marekani. Huko zaidi ya watu 200 walihukumiwa kwa dawa za kulevya, wengi wakiwa wamekiri kosa baada ya jaribio la rangi lililofanywa na polisi barabarani, kisha labo ikapima baadaye na kutokuta dawa yoyote iliyokatazwa.

Kuna na upande wa pili, wa nyumbani. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, watu 1,029 walilazwa kule Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, shingo zimepinda, ndimi zimetoka, misuli ya uso imekaza, na 11 walikufa. Kwanza ilidhaniwa meninjaitisi. Baadaye vidonge vya njano vilivyouzwa kama diazepamu, dawa ya kutuliza, vilipopimwa, ndani kulikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Jaribio la rangi linajibu swali ulilouliza tu. Ukiuliza "hii ni diazepamu?" na jibu likawa hapana, hujaambiwa ni nini, na mgonjwa bado yuko kitandani. Hapo sampuli iende kwenye mashine ya kromatografia yenye spektrometa ya masi, inayotenganisha vitu vilivyochanganyika na kuvitambua kwa uzito wa molekuli, hata kama ni kusubiri safari ndefu.

Kwenye PV, ile ripoti rasmi ya kesi, basi, msiandike "heroini". Andikeni: "Marquis, zambarau mara moja, kishimo cha reaktifu peke yake hakikubadilika, aspirini wekundu, inahitaji kuthibitishwa." OPJ, afisa wa polisi anayechunguza kesi, atakasirika, atataka neno moja la kupeleka kwa mkubwa wake. Mpe heshima yake, mwite chef, mwelezee kwa upole, lakini sentensi ibaki ilivyo. Mwanasheria mzuri ataipasua ile ya neno moja kabla ya saa sita mchana.

Glavu, miwani, na kamwe msiweke unga ulimini kama mnavyoona kwenye filamu. Asidi ya Marquis inatoboa blauzi na ngozi chini yake. Mabaki ya klorofomu yana chupa yake, hayamwagwi kwenye sinki.

Na unga wenyewe: chukueni kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti tu. Kilichobaki kifungwe, kitiwe sahihi za watu wawili, kwa sababu labo itakayothibitisha haiwezi kupima kile mlichokwisha kukiunguza kwa asidi.