Jibu: Mtambo wa umeme kwenye mfereji, taa zinafifia

Salaam mkuu. Umesema unachepusha maji ya mfereji, lita 5 kwa sekunde, yanashuka mita 30 kwa bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 200, na umeme unaopata hautoshi hata redio na taa nne.

Kabla hujamlaumu fundi wa jenereta, angalia bomba. Funga geji ya presha chini, karibu na mtambo. Valvu ikifungwa isome kama baa 3 (baa 1 ni presha ya maji yaliyosimama kimo cha mita 10 hivi). Ifungue: ikiporomoka hadi chini ya baa 1, bomba ndilo mwizi. Kwa maji hayo na urefu huo, inchi 2 inakula karibu mita 25 kati ya zile 30 za mwanguko, kwa msuguano tu. Bomba la inchi 3 linakula kama mita 4. Mimi nilibadilisha jenereta kwanza, hela ikaenda bure.

Hizo lita 5 ulizipimaje? Ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 4, na upime saa za zamu ya kumwagilia shamba, siyo usiku. Huku kwetu Upareni maji ya usiku tunayalaza kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la kuhifadhia maji, asubuhi yanafunguliwa kumwagilia. Mtambo ukikaa chini ya ndiva, maji yakishazungusha yarudishe mferejini, la sivyo wenye zamu watakufuata na majembe.

Ukirekebisha, tegemea wati 600 hivi. Zile kilowati 2 ulizoahidiwa hazimo kwenye maji hayo.

Kibali cha maji unacho? Anzia bodi ya maji ya bonde lako.