Kodi, kodi, kodi: wakala wa ardhi ya mtu wa mbali

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu ardhi ya Illinois, Marekani, iliyomilikiwa na watu wa New York ambao hawakuwahi kukanyaga huko. Barua za mawakala wao za miaka ya 1820 zimejaa habari za kodi ya serikali tu. Mbona hawataji mazao wala wapangaji? – Mwanafunzi wa usimamizi wa ardhi, Morogoro

JIBU: Mara nyingi mazao hayakuwepo, dada. Kati ya mito Mississippi na Illinois serikali ilitenga ekari milioni 3.5 hivi kuwalipa askari wa vita ya 1812 dhidi ya Uingereza, kila mmoja ekari 160, na kuanzia Oktoba 1817 viwanja viligawiwa kwa kura. Askari wengi waliuza hati zao kwa bei ya kutupa. Mnunuzi wa mashariki alishika karatasi; ardhi yenyewe ilikuwa nyasi na msitu, ikisubiri bei ipande.

Ardhi inayosubiri huliwa na kodi ya serikali. Sheria iliisamehe miaka 3 tangu tarehe ya hati, mradi bado ni ya askari au warithi wake. Ikishauzwa, msamaha umekwisha. Asiye mkazi alilipia Vandalia, makao makuu ya jimbo kuanzia 1820 hadi 1839. Asipolipa, kiwanja kinanadiwa, naye yuko New York hana habari. Ndiyo maana watu kama John Tillson, wakala wa ardhi wa Hillsboro, Illinois, walipata kazi.

Katika barua zako, kabla ya fedha soma maelezo ya kiwanja. "NW 14, 8N 5W" ni robo ya kaskazini-magharibi ya seksheni ya 14, taunishipu (kitalu kikubwa cha mraba) ya 8 kaskazini ya mstari wa msingi, yaani mstari wa upimaji wa mashariki-magharibi, safu ya 5 magharibi mwa meridiani kuu ya nne, mstari wa upimaji wa kaskazini-kusini. Taunishipu ina seksheni 36, seksheni ekari 640, robo 160. Karani akiandika E (mashariki) badala ya W (magharibi) mwishoni, umelipia kiwanja cha mwingine, zaidi ya kilomita 80 kutoka chako. Mimi mwenyewe nimempokea mzee aliyebeba risiti za miaka 11, namba ya kitalu imekosewa tangu ya kwanza. Bado naukumbuka uso wake.

Kwa hiyo wakala anayerudia kodi kila barua usimwone mvivu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Panga risiti mwaka kwa mwaka, kiwanja kwa kiwanja. Mwaka usio na risiti, utafute kwenye orodha za minada.