Gego Nililodhani Litang'oka Lenyewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama kuna haja ya kumpeleka mwanawe wa miaka 6 na nusu kuzibwa gego lililotoboka, kwa kuwa mama mkwe wake amemhakikishia kwamba ni jino la utotoni na litang'oka lenyewe. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, kwa sababu maneno hayo hayo ndiyo yaliyompotezea jino mwanangu wa kiume.

Alipokuwa na miaka 7 niliona doa jeupe kama chaki kwenye gego lake la mwisho la chini. Doa likawa la kahawia, kisha likawa tundu lililonasa punje za wali. Kwenye zahanati tuliyoizoea niliambiwa nisubiri, nami nikasubiri miezi 14, hadi usiku alipoamka shavu limevimba. Nilimwekea karafuu iliyopondwa kama bibi alivyotufanyia sisi, akapata nafuu hadi alfajiri tu. Daktari wa meno ndiye aliyenieleza kwamba hilo lilikuwa gego la kwanza la ukubwani, ambalo huota nyuma ya magego ya utotoni mtoto afikapo miaka 6 hivi, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Likang'olewa. Leo ana miaka 12 na bado hutafunia upande mmoja.

Wazee walisema kuna mdudu wa jino. Waliopo ni bakteria, ambao hula sukari na kutoa asidi inayoyeyusha madini ya jino, kisha mate huyarudisha taratibu iwapo kinywa kitapumzika. Kinywa cha mwanangu hakikupumzika: mchana alimung'unya ubuyu wa rangi kokwa moja moja, na usiku alikunywa chai ya maziwa yenye sukari akaenda kulala, wakati ambao mate hupungua sana. Sukari yenyewe haikuwa nyingi, ila haikukoma.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, vitamu viliwe pamoja na mlo, na baada ya mswaki wa usiku yabaki maji matupu. Chagua dawa ya meno yenye floraidi, mtoto ateme povu bila kusukutua, na umshikie mswaki wewe mwenyewe hadi afikishe miaka 7 au 8. Usiseme umechoka, mimi pia nilisema hivyo. Doa jeupe bado linaweza kudhibitiwa, lakini tundu halijizibi.

Kwako uliyeniandikia: mpeleke wiki hii. Hata likiwa la utotoni, usaha wake unaweza kuliharibu jino linalokua chini yake.

Binti yangu ametimiza miaka 6. Kila usiku namfunua mdomo kwa tochi ya simu, na mwezi uliopita niliona ncha nyeupe ikichomoza nyuma kabisa, chini kushoto. Tayari nimemuuliza daktari wetu kuhusu kuziba vijifereji vya juu ya gego hilo, vile vinavyonasa chakula, mara litakapotokeza lote.