Pickup ya 1HZ inakula dizeli? Mzigo unasingiziwa

Mkuu, umesema Land Cruiser 79 yako, pickup ya injini ya dizeli ya 1HZ, inakupa kilomita 6 kwa lita, jamaa yako anajitapa kwamba yake inafika 9, na fundi ameshakushauri ununue pampu nyingine ya dizeli. Shika pesa yako kwanza. Ninayo kama hiyo, inabeba mchele kutoka Mbeya, na karo ya somo hili nilishalipa.

Hiyo 6 umeipataje? Kama ni kwa kuangalia mshale wa geji, ifute. Jaza tangi mpaka shingoni, andika odometa, tembea kilomita 400 au zaidi, rudi sheli ileile ujaze vilevile, halafu gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Na kama ulivua matairi ya 7.50R16 ukavalisha yale makubwa ya kutishia watu mjini, odometa inakupunja: gari limekwenda kilomita 100, yenyewe inahesabu kama 97. Unalilaumu gari bure.

Sasa mzigo. Safari moja nilikwenda Dar na gunia kumi za mchele, tani moja kamili, mguu mwepesi, kilomita 80 kwa saa tu. Kilomita 832, lita 104. Nane kwa lita. Miezi miwili baadaye tukapata msiba, nikapita njia ileile gari tupu, nagonga 110 kila palipo wazi. Lita 126! Sita nukta sita, bila hata gunia moja nyuma. Bodi ya gari hili ni kabati linalosukuma upepo, na ukishavuka 90 upepo ndio mzigo wenyewe. Watu wanaoweka karia juu ya kebini halafu wanalalamika, mimi huwa nawaangalia tu.

Kuhusu pampu, hapa ndipo nilipoumia. Fundi mmoja aliniambia gari "limekuwa zito", akakaza skrubu ya pampu ili iongeze mafuta. Siku ya kwanza nilifurahi. Lakini 1HZ, pamoja na lita zake 4.2 na silinda sita, haina turbo. Inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Ukiongeza dizeli bila kuongeza hewa, ile ya ziada inatoka nyuma ikiwa masizi. Mbeya penyewe tuko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na ukianza kupanda kwenda Chunya hewa inazidi kupungua. Nilikuwa nakwea pale nyuma yangu kumefunga giza, pikipiki zinapaki kando kunisubiri nipotee. Kutoka 7.8 nilishuka hadi 6.5 kwenye mizunguko yangu ya kawaida. Fundi pampu mwingine aliirudisha kwenye mashine ya kupimia, akabadilisha nozo mbili, zile za kupulizia dizeli ndani ya silinda, zilizokuwa zinadondosha badala ya kupulizia, nikarudi 7.7. Pampu ni ileile mpaka leo.

Kabla ya kwenda kwa fundi yeyote, fanya hili: ukitoka safari, simama bila kukanyaga breki sana, shika ringi zote nne. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika, na unaburuta gurudumu nchi nzima. Angalia pia kama hubs za mbele, zile swichi za katikati ya magurudumu za kuunganisha 4WD, zimeachwa kwenye LOCK tangu masika. Zinazungusha difu ya mbele bila kazi. Hasara yake si kubwa, ila ni ya bure kabisa. Chujio la hewa sitalisemea, barabara za vumbi zimeshakufundisha.

Na huyo wa 9, muulize anatembea ngapi na anabeba nini. Gari tupu, tambarare, 70 bila kuchoka, naweza kumwamini. Kama anasema ni kwenye mlima wa Kitonga akiwa na tani moja, anakuuzia gari.

Pima kwanza, kisha lete namba hapa, pamoja na rangi ya moshi ukiwa unapanda.